Kipimo cha Chumba cha Rangi

Machi 3
Transmita mbili zimefika leo, kila moja kwenye boksi lake kama jozi ya viatu vipya. Moja itapima mvuke unaokwenda chumba cha pasi, nyingine unaokwenda chumba cha rangi. Injinia aliniita ofisini kwake akafunga mlango, jambo ambalo si kawaida yake.

"Fundi, sikiliza. Mafuta ya boila yametushinda. Wakubwa wanataka kujua nani anakula mvuke. Chumba kitakachokula kuliko kazi kinayotoa kitafungwa, na kazi yake itapelekwa nje."

Nikamwuliza kama anajua kwamba msimamizi wa chumba cha rangi ni dada yangu.

"Najua. Ndiyo maana nimefunga mlango." Akaniuliza kama ningependa kazi hii apewe mtu mwingine. Nikamjibu kwamba hapa kiwandani hakuna fundi mwingine wa vipimo. Akatikisa kichwa. "Basi fanya kama vile humjui."

Dada ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Aliingia kwenye rangi akiwa msichana ili mimi nimalize shule. Kucha zake zina bluu pembeni mpaka leo, na haitoki hata kwa limau.

Machi 5
Tumekata bomba la mvuke la chumba cha rangi na kuingiza sahani. Ni duara la chuma lenye tundu katikati. Mvuke ukijibana kupita hapo, upande unakotoka unakuwa na nguvu kuliko upande unakokwenda. Transmita hupima tofauti hiyo tu, na kwa tofauti hiyo tunajua mvuke kiasi gani umepita. Bomba la pasi liko ndani. Bomba la rangi liko nje, ukutani, juu ya mtaro, halina paa.

Machi 6
Nimefunga transmita ya rangi chini ya bomba, kama inavyotakiwa kwa mvuke. Mirija miwili myembamba inashuka kutoka pande mbili za sahani, na lazima iwe imejaa maji. Maji ndiyo yanayobeba nguvu kuileta chini. Mvuke wenyewe ukiigusa transmita unaikaanga. Juu ya kila mrija kuna chungu kidogo cha chuma ambamo mvuke unapoa na kugeuka maji. Vyungu hivyo vikae usawa mmoja, ili maji ya mrija wa kwanza na ya mrija wa pili yawe na uzito sawa na yafutane. Yasipofutana, kipimo kitasoma kisichokuwepo.

Nilipima usawa kwa pimamaji mara nyingi mpaka mchomeleaji akachoka kushikilia.

"Wewe unafunga chungu au unaposa?"

Machi 9
Nimejaza mirija maji, nikatoa hewa yote. Chini ya mirija kuna vali tatu: moja ya kila upande, na ya katikati ambayo tunaiita msuluhishi, kwa kuwa ikifunguliwa pande zote mbili zinakuwa sawa. Nilifungua msuluhishi, transmita ikasoma sifuri. Nikafunga msuluhishi, nikaruhusu mvuke, ikaanza kuhesabu bila hata kutetemeka. Nilifurahi kama mjinga.

Dada alitoka nje kutazama, mikono kiunoni.

"Hiki ndicho kitakachotusema?"

"Hakisemi mtu, Dada. Kinahesabu tu."

"Haya. Kikiona tumezima vali zetu saa ya chakula, kihesabu na hilo pia."

Machi 11
Shemeji, mume wa dada, amefunga pamba ya kioo kwenye bomba la rangi leo na kuivika bati. Kazi yake ni hiyo, kuvisha mabomba yasipoteze moto, na kiwanda kizima kinamwita Blanketi. Mimi nilikuwa ndani nafunga kipimo cha pasi. Nilipotoka nilimkuta anakusanya vifaa vyake mbio, mvua ya kwanza ya msimu inaanza.

"Shemeji, tazama! Nimemvika mke wangu koti. Hata punje ya moto haitoki hapo."

"Umemaliza?"

"Pamba imeishia njiani na mvua ndiyo hii. Kidogo kilichobaki nitamalizia kukikauka."

Bati lake linang'aa, na kila parafujo imekaa kwenye mstari. Nilimsifu. Alistahili.

Machi 12
Mvua.

Machi 13
Mvua. Mtaro umefurika.

Machi 20
Namba za wiki ya kwanza. Pasi, kama tulivyotarajia. Rangi, juu kuliko tulivyotarajia. Injinia alisema tusiwe na haraka.

Machi 27
Rangi imepanda tena, na wiki hii wametia rangi vitambaa vichache kuliko wiki iliyopita.

Mchochea boila alinipigia kelele kutoka mlangoni kwake, "Mwambie dada yako apunguze! Ananikausha kama kisima cha kiangazi!" Walicheka wote, nami nikacheka. Nyumbani sikucheka.

Aprili 2
Injinia amenionyesha jambo ambalo ningependa nisilione. Saa ya chakula, akina mama wa rangi wakiwa nje wanakula na vali zote zimezimwa, kipimo chao hakirudi sifuri. Kinashuka kidogo na kubaki hapo. Siku za mvua kinabaki juu zaidi. Siku ya jua kinashuka zaidi, lakini sifuri hakifiki.

"Mvuke unakwenda wapi?" akauliza. Nilizipitia namba tena kuanzia mwanzo.

Aprili 7
Meneja ana jibu. Alilisema kantini mbele za watu, mdomo umejaa. "Siku za mvua nguo hazikauki majumbani. Hawa wanaleta nguo zao wanazikausha kwa mvuke wetu. Tuna chumba cha rangi au tuna dobi?"

Dada alikuwa meza ya pili. Aliweka kijiko chini, akamtazama mpaka meneja akageukia chai yake.

Aprili 8
Mvua kubwa. Kipimo cha rangi juu sana.

Aprili 9
Meneja alinitaka nihakikishe kipimo ni kizima. Nilikwenda na injinia na meneja wenyewe, wamejifunika miavuli. Nikafunga vali ya upande wa kwanza, nikafunga ya upande wa pili, nikafungua msuluhishi. Transmita ikasoma sifuri, safi kabisa. Nikarudisha vali, ikasoma mvuke.

"Kwa hiyo?" meneja akauliza.

Nikasema, "Kipimo ni kizima."

Naandika hapa kwa kuwa hapa siandiki kwa ajili ya mtu: nilipotamka maneno hayo niliona fahari. Niliona fahari ya kazi yangu kabla sijamkumbuka dada.

Aprili 10
Nimemwuliza.

Nilikwenda kwake baada ya kazi. Alikuwa anapiga pasi sare za wanawe, shemeji hajarudi. Nilizunguka kwanza. Nikauliza habari za watoto, nikasema mvua ya mwaka huu imezidi. Dada ananijua, akaweka pasi wima.

"Sema kilichokuleta."

"Dada, mimi ni ndugu yako. Kama kuna mtu kule ndani anaanika nguo, hata mmoja, niambie. Tutalimaliza kimyakimya, namba zitashuka, na chumba kitabaki."

Alichukua shati la mtoto, akaligusa kola, akalirudisha.

"Hili shati limelowa. Unaona? Wanangu wameenda shule na mashati mabichi mwezi mzima huu. Nimewakataza wenzangu wasilete hata leso, ili wasije wakasema. Na wewe umekuja kuniuliza."

"Kipimo kinasema..."

"Nimekuuliza kipimo? Nilipokwambia vali tunazima, ulinisikia au ulisikia kelele?"

"Nimekijaribu mwenyewe. Ni kizima."

"Basi mimi ndiye mbovu." Akachukua pasi. "Nenda nyumbani, mdogo wangu. Nina kazi."

Alivyosema mdogo wangu ndivyo anavyosema na mtu wa mtaani aliyemkanyaga.

Nimejaribu kupanga. Ama kipimo ni kizima na dada ananidanganya, ama dada anasema kweli na kipimo kina kasoro ambayo siioni. Kipimo nimekijaribu. Hapo ndipo naishia kila nikianza, na kila nikiishia hapo naona haya, lakini sioni njia nyingine.

Aprili 14
Dada alipita karakana. Alisalimia mchomeleaji.

Aprili 17
Mvua. Juu.

Aprili 20
Shemeji alinikuta getini. Yeye hana kinyongo na mtu, hata pale anapostahili kuwa nacho.

"Shemeji, hebu niambie kitaalamu. Lile koti nililolivika bomba, si linasaidia? Bila lile si wangekuwa na hali mbaya zaidi?"

Nikamwambia linasaidia. Ndivyo nilivyoamini. Akanipiga bega, akaenda zake anapiga mluzi kwenye mvua.

Aprili 23
Wameamua. Chumba cha rangi kinafungwa mwisho wa mwezi. Vitambaa vitapelekwa kutiwa rangi kwa watu wengine, mkataba umeshatiwa saini. Akina mama sita wanaachishwa, na dada ni wa kwanza kwenye tangazo kwa kuwa ndiye msimamizi. Sababu imeandikwa kwa sentensi moja: matumizi ya mvuke yasiyoelezeka.

Injinia alikuja kukaa kwenye benchi langu karakana. Alipoinuka alisema, "Yasiyoelezeka. Neno hilo linaniudhi."

Aprili 30
Siku yao ya mwisho. Walisafisha matangi kama vile kesho yatatumika. Dada alizima vali kuu ya chumba mwenyewe, akafunga mlango na kumpa mlinzi ufunguo. Nilisimama upande wa pili wa uwanja. Nilitaka kwenda. Mmoja wa wenzake akanitazama, nikageuka nikarudi karakana.

Mei 1
Sikukuu. Nimelala.

Mei 4


Leo asubuhi mvua kubwa. Nilipita kwenye ubao wa vipimo kuandika namba za pasi, kama kawaida. Jicho likaanguka kwenye kipimo cha rangi. Kinasoma. Chumba kimefungwa. Vali kuu imezimwa, matangi ni makavu, hakuna mtu, na kipimo kinasema mvuke unapita. Kadiri mvua ilivyozidi, namba ilipanda.

Nilikimbia kumwita injinia. Alivaa buti, tukachukua ngazi, tukatoka nje kwenye mvua. Alipanda yeye. Bomba la mvuke lilikuwa bado la moto, maana linapata moto kutoka boila mpaka kwenye vali hata kama hakuna kinachopita. Aliweka kiganja kwenye mrija wa kwanza.

"Huu baridi. Unatiririka maji ya mvua. Wa pili uko wapi?"

Nikamwambia unashuka kulia, sambamba na bomba linaloingia chumbani.

"Siuoni."

Nami sikuuona. Nilichoona ni bati la shemeji, zuri, linang'aa. Tulifungua parafujo. Ndani ya pamba, ubavuni mwa bomba la mvuke, umelala mrija wa pili, umefunikwa pamoja nalo kama mtoto na mama yake. Injinia aliugusa akavuta mkono haraka.

Hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake. Maji ya moto ni mepesi kuliko maji ya baridi. Mrija wa pili ulikuwa unachemka ndani ya blanketi, wa kwanza uko wazi unapigwa mvua. Maji hayakufutana. Transmita ikaona upande unakotoka mvuke mzito na upande unakokwenda mwepesi, ikasoma mvuke usiokuwepo, na kila mvua iliponyesha ikasoma zaidi. Nami nilipoijaribu mbele ya meneja nilifunga vali za pande zote mbili, kwa hiyo niliijaribu transmita peke yake. Mirija yenyewe sikuijaribu. Nilikuwa nimesimama chini yake.

Mirija ile haifungwi pamba. Kila fundi wa vipimo anajua. Fundi wa pamba hana sababu ya kujua. Kazi yake ni kufunga kila chenye moto.

Tulivua pamba yote. Tukasubiri chini ya mwavuli wa injinia, bega kwa bega. Namba ilishuka polepole, ikatua kwenye sifuri.

"Kazi hii tuliipokea sisi wawili," injinia akasema. "Hatukupanda kutazama. Nitaandika hivyo."

Mei 5
Injinia alikwenda kwa meneja, akakaa huko muda mrefu. Sauti yake niliisikia mpaka kwenye korido, naye si mtu wa kupaza sauti. Alirudi macho mekundu. Mkataba umeshatiwa saini. Mnunuzi wa matangi ameshalipa, anakuja kuyakata wiki hii. Meneja alisema anasikitika sana, lakini hawezi kurudisha kiwanda nyuma kwa ajili ya mrija.

Kuhusu nguo kukaushwa hakusema kitu. Injinia alimtaka awaombe radhi wale akina mama. Alijibu kwamba hakumtaja mtu.

Mei 7
Wanakata matangi. Sauti inafika karakana.

Mei 10
Jumapili. Nimekwenda kwa dada.

Shemeji alikuwa ametoka na watoto. Dada alinifungulia mlango, akanipa kiti, akarudi kukaa na kuchambua mchele kwenye sinia. Nilikuwa nimejipangia maneno njiani. Hayakutoka kwa mpangilio. Nilisema, "Vali mlizima. Kila siku mlizima. Kipimo kilikosea, na mimi nilikosea zaidi yake. Nisamehe, Dada."

Mikono yake ilisimama juu ya mchele.

"Wamesema hivyo kazini?"

"Injinia ameandika. Lakini chumba hakirudi."

Akalia. Sijawahi kumwona akilia tangu mazishi ya mama, na hata siku ile alilia akiwa ananifunga vifungo. Baadaye akajifuta kwa upindo wa kanga, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nieleze. Kilikoseaje?"

Nilitaka kumwambia ni mvua tu. Lakini tayari nilikuwa nimewahi kumfanya mjinga mara moja mwaka huu. Nikamweleza maji ya moto na maji ya baridi, mrija ulio wazi na mrija uliofungwa.

"Uliofungwa," akasema. Akatazama mlango. "Amefunga yeye."

Niliokota punje ya mchele sakafuni, nikairudisha kwenye sinia.

"Asijue. Umenisikia? Mtu huyu alirudi siku ile amelowa chapachapa, anajisifu kwamba amenivika koti. Anawaambia watu mpaka leo kwamba mke wake hakuachishwa kwa kosa la pamba. Akijua ni mikono yake, hataweza kuitazama tena. Niahidi."

Nikaahidi.

"Mchele huu ni wa watu wanne," akasema, akirudia kuchambua. "Nitaongeza. Kaa ule."

Nilikaa nikala. Shemeji alipoingia, dada alimwambia, "Mdogo wangu kaja kutuambia kipimo kilikuwa kibovu. Kiliharibiwa na mvua." Shemeji akaruka, akanishika mikono yote miwili. "Si nilisema? Si nilisema, mke wangu?" Halafu akakaa, akawa anakula taratibu, na mara moja moja ananitazama.

Mei 11
Mvua imekatika. Uwanja unatoa mvuke.

Asubuhi nilimkuta shemeji nje, chini ya bomba la rangi. Pamba yake ilikuwa bado chini pale tulipoiacha, imelowa na kuvimba, na lile bati limeegemezwa ukutani. Alikuwa ameinua uso anatazama mirija miwili, yote wazi sasa.

"Nani kavua?"

"Mimi na injinia."

Alinyoosha mkono akagusa mrija wa kwanza, kisha wa pili, kisha akarudi wa kwanza. Shemeji hakusoma sana, lakini amegusa vitu vya moto maisha yake yote.

"Kwa hiyo si mvua."

"Na mvua pia, Shemeji. Na mimi ambaye sikupanda kutazama."

Akatikisa kichwa. Aliokota kipande cha pamba, akakikamua maji kama mtu anayekamua nguo.

"Siku ile nilitaka kufunga bomba tu. Dada yako ndiye aliyenishikia ngazi, akaniambia, 'Na huo mwembamba je? Si nao una moto? Funga na huo, usituangushe.' Nikaufunga." Akakitupa kile kipande. "Shemeji, nakuomba jambo moja. Dada yako asijue. Mimi nitalibeba. Lakini yeye akijua kwamba ndiye aliyenionyesha mrija ule, akaagiza mwenyewe, atakufa nalo. Niahidi."

Dada hakuniambia kuhusu ngazi.

Nikamwahidi.

Tulikusanya pamba pamoja, tukaitia kwenye mifuko. Alichukua upande mmoja wa bati, mimi wa pili, tukalipeleka stoo. Njiani aliniuliza kama dada alisema lolote jana kabla hajarudi. Nikamwambia alisema mchele hautoshi, ataongeza.

"Huyo ndiye yeye," akasema, akatabasamu, macho yamejaa.